Bei ya Ndai Hukatwa na Karatasi, si Mdomo

Kwa kila mbogi kuna msee mmoja ako na skrinshoti za ndai kibao kwa simu na hajawahi shika ufunguo ya hata moja. Leo ni Demio, kesho ni Fielder, wikendi ashahamia CX-5 juu kuna jamaa alimwambia Demio ni ya walimu. Usimcheke sana. Kenye anakosa si ganji peke yake, anakosa njia ya kuamua. Na wenye yadi za Ngong Road na Kiambu Road wanawajua watu kama yeye vizuri, wanawangoja tu wafike.

Swali yenyewe iko hivi. Uchukue ndai zero, yenye haijawahi kaliwa na mtu, ama uchukue imetembea kiasi na bado inang'aa? Na ukishaamua, unaangushaje bei bila kubebwa ufala? Wasee wengi hudhani dawa ni mdomo, ati ukijua kubonga utashusha laki. Zii. Mwenye yadi anabonga bei Jumatatu hadi Jumapili, na wewe utabonga bei ya ndai labda mara tatu maisha yako yote. Ukienda kushindana na yeye kwa mdomo, ushapoteza kabla useme niaje. Bei hukatwa na karatasi: kujua ndai ilitoka wapi, ililipiwa ushuru ngapi, inaficha nini, na nani mwingine anauza kama hiyo.

Milango ni mitatu

Majuu stori ni rahisi. Msee anaenda kwa dila, anachagua kati ya mpya kabisa na ya mwaka mmoja yenye wateja walikuwa wanajaribia, anakatiwa bei, anaishia. Hapa kwetu milango ni mitatu, na kila mlango uko na wenyewe.

Wa kwanza ni zero. Hii inapatikana kwa dila rasmi: CFAO Mobility, wale ulikuwa unawajua kama Toyota Kenya, Isuzu East Africa, wenye walikuwa General Motors East Africa hadi 2017, Simba Corp, Inchcape na wenzao. Zingine zinashuka kwa meli zikiwa tayari, na zingine zinaunganishwa hapa nyumbani: Isuzu wako na kiwanda Nairobi, Associated Vehicle Assemblers wako Mombasa, na Thika iko Kenya Vehicle Manufacturers, penye Volkswagen walianza kuunganisha Polo Vivo Desemba 2016. Zenye zimeunganishwa hapa hupata nafuu ya ushuru, ndio maana unaweza pata zero ndogo kwa bei karibu na ya mtumba mkubwa. Hiyo wasee wengi hawajachanuka.

Wa pili ni ex-Japani. Hapa ndio Wakenya wengi hupitia. Ndai imezunguka Osaka ama Nagoya, ikapelekwa mnada, ikapandishwa meli, ikashuka Mombasa. Ni mtumba kama mtumba yoyote, lakini ikifika ploti majirani wanakuja kukupongeza kana kwamba ilitoka kiwandani asubuhi.

Wa tatu ni ya hapa hapa, imeshatumika na Mkenya mwenzako. Jumapili ukienda uwanja wa maonyesho wa Jamhuri utazipata zimejipanga, wenyewe wamesimama kando na kitambaa mkononi. Humu ndani ndio unaweza kutana na karibu-mpya ya ukweli: demo ya dila, ndai ya ofisi imepelekwa sevisi kila wakati, ama ya mtu wa NGO mkataba umeisha anarudi kwao. Huu mlango uko na vitu tamu kushinda hizo zingine, na pia mitego mob kushinda hizo zingine.

Namba pleti si cheti ya kuzaliwa

Msee akisema amenunua KDS, anataka usikie upya. Lakini hizo herufi zinasema kitu moja tu: gari ilisajiliwa lini Kenya. Iliundwa lini ni stori tofauti kabisa.

KEBS wako na standadi inaitwa KS 1515, na inasema mtumba wa gari usizidi miaka minane. Mwaka wa 2024, kwa mfano, zilizoruhusiwa zilikuwa za 2017 kuendelea. Sasa kumbuka pia KRA huangusha thamani ya gari kulingana na umri kabla ya kuitoza ushuru. Ndai ikiwa mzee, ushuru inapungua. So mfanyabiashara mwenye akili analeta gani? Analeta zenye ziko pale mwisho wa laini. Ndio unapata KDS safi, pleti inang'aa, na chini yake kuna ndai ya 2017. Kumbe ile KDH ya jirani yako, yenye dila aliiuza zero, ni mtoto ukiilinganisha na hiyo.

Hii haimaanishi ex-Japani ni mbaya. Wajapani hawauzi gari juu zimeoza. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaitwa shaken: gari mpya inakaguliwa ikifikisha miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na gharama zake zinauma. Wengi wanaona heri wauze wachukue ingine. Ndai ya huko ya miaka saba inaweza kuwa imelindwa kuliko ya Nairobi ya miaka mitatu yenye imechapwa na matuta ya Jogoo Road kila asubuhi.

Kwa hivyo usiulize ni mpya kiasi gani. Uliza karatasi ya mnada. Kule Japani gari ikipelekwa mnada inapewa gredi: 4 na 4.5 ni safi, 3.5 iko na makovu ya kawaida, na ukiona R ama RA jua iliwahi gongwa ikarekebishwa. Ndani nako kunapewa herufi, A ikiwa safi na C ikianza kuchoka. Kuna pia mchoro wa bodi umewekwa alama kila mahali pamekwaruzwa, na mileji yenye ndai ilikuwa nayo siku hiyo. Mwenye yadi akikuambia hiyo karatasi ilipotea, chukua chasi namba uitafute mtandaoni kwa kulipia kitu kidogo. Mileji ya karatasi ikiwa laki moja na ishirini na ile ya dashibodi ni elfu sitini, hiyo ndai haikurudi nyuma yenyewe.

Piga hesabu ya miaka mitatu

Wasee hukwama kwa bei ya kununua na kusahau bei ya kukaa nayo. Chukua mfano, namba za kuelewesha tu. Zero ni mita tatu na nusu, ex-Japani ni mita moja na laki tisa, ya hapa ni mita moja na laki tatu. Baada ya miaka mitatu unataka kuuza.

Tuseme ile zero inaenda mita mbili na laki nne. Imekula mita moja na laki moja, yaani kama thao thelathini kila mwezi, na hapo hujaweka mafuta. Ile ex-Japani tuseme inaenda mita moja na nusu. Imekula laki nne, kama thao kumi na moja kwa mwezi. Ile ya hapa inaenda mita moja, imekula laki tatu, lakini giaboksi ilikusumbua na shokabsoba zikaisha, ukaweka laki mbili juu ya sevisi za kawaida. Jumla laki tano, karibu thao kumi na nne kwa mwezi. Umeona? Yenye ilikuwa rahisi mlangoni imekula mob kushinda ile ya kati.

Ongeza bima. Komprihensivu hupigwa kama asilimia ya thamani ya gari. Ikiwa ni 4%, zero inadai thao mia moja na arobaini kwa mwaka, na ex-Japani inadai sabini na sita. Na kumbuka Juni 2024: Mswada wa Fedha ulikuwa unataka kila mwenye ndai alipe 2.5% ya thamani yake kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi 100,000. Mayut walipoingia streets hiyo ikatolewa, na baadaye mswada mzima haukutiwa sahihi. Lakini gava ilishaonyesha penye macho yake yako. Ndai ya bei inavuta macho kila mahali: bima, gava, kanjo, mpaka mshikaji wa kuosha.

Sasa zero ni ya nani? Ni ya msee wa kazi, ndai inatembea kila siku, ikisimama siku mbili analala njaa. Huyo ananunua waranti na usingizi, si harufu ya viti. Ni ya kampuni. Na ni ya mtu mwenye atakaa nayo miaka kumi, juu ile hasara ya mwanzo inagawanywa mpaka inapotea. Kama wewe hubadilisha ndai kila baada ya miaka miwili juu umechoka na rangi, zero itakuchapa.

Jua penye hawezi shuka

Hapa ndio karatasi inaanza kufanya kazi. Kabla uingie yadi, jua ile ndai ilimgharimu ngapi.

Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha kwa mtumba wa gari ni 35%. Juu yake kuna eksaizi: 20% kwa injini isiyozidi cc 1500, 25% ikipita hapo, na zile injini kubwa kabisa 35%. Juu ya zote kuna VAT ya 16%. Zinapandiana: eksaizi inahesabiwa ushuru ukishawekwa, na VAT inahesabiwa juu ya kila kitu. Chukua thamani ya soo moja. Ukiweka 35% inakuwa 135. Weka eksaizi ya 20% inakuwa 162. Weka VAT, unafika karibu 188. Yaani kwa kila soo ya thamani, gava imechukua kama shilingi themanini na nane, na bado kuna ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Injini ikiwa ya cc 1800, hiyo themanini na nane inakuwa karibu tisini na sita. Sasa unaelewa kwa nini Nairobi imejaa Vitz, Fit, Note na Axio.

Kitu ingine ya kuchanuka: KRA haitumii bei yenye ulinunulia Japani. Iko na orodha yake ya bei, ile CRSP, inachukua bei ya gari hiyo ikiwa mpya, inaangusha kulingana na umri, halafu inatoza. Hata kama ulipata dili ya ajabu kule mnada, ushuru hausikii dili yako. KRA wako na kikokotoo cha hiyo kazi. Weka modeli, weka mwaka, upate ushuru. Ongeza bei yenye wauzaji wa Japani kama BE FORWARD ama SBT Japan wanauza gari kama hiyo hadi Mombasa. Ongeza wakala wa bandari na kuileta Nairobi. Hapo umepata sakafu. Kati ya sakafu na bei imebandikwa kwa kioo ndio kuna faida ya yadi, na diskaunti yako inaishi humo ndani tu. Ukiitisha chini ya sakafu, unachoma picha na anajua hujui kitu. Ukiitisha juu kidogo ya sakafu, anakaa chini muongee.

Fundi ni wako, si wake

Beba fundi wako. Mlipe pesa yake kabla mtoke, na umwambie hiyo ni yake ununue usinunue. Ukimlipa tu siku umenunua, ashakuwa muuzaji wa pili. Na fundi mwenye mwenye yadi anakuitia ati "huyu anajua hizi gari sana", msalimie vizuri, mwachie kazi yake.

Nenda asubuhi kabla injini iwashwe. Ukiikuta imepashwa moto, uliza kwa nini. Ikiwashwa, angalia moshi: wa bluu inakula oili, mweupe usioisha ni maji yanaingia penye hayafai, mweusi inachoma mafuta vibaya. Ikiwa ni ndai ya giaboksi ya CVT, iendeshe polepole kwa mlima uskie kama inatetemeka. Angalia bolti za bonneti na za fenda. Rangi ikiwa imetoka kwa kichwa cha bolti, kuna siku hiyo bodi ilifunguliwa.

Halafu kuna tarehe zenye wasee hawasomi. Ubavuni mwa taya kuna namba nne za mwisho: 1418 inamaanisha wiki ya 14 ya mwaka 2018. Mikanda ya viti mara nyingi iko na lebo ya tarehe pale chini. Vioo viko na alama zake kwa kona. Kioo kimoja kikitofautiana na wenzake, uliza kilivunjika lini. Mkanda mmoja ukiwa mpya kuliko gari, uliza kwa sauti.

Kila kenye umepata, kigeuze kuwa shilingi. Pitia Kirinyaga Road kwanza ujue seti ya taya ni ngapi, brekipedi ni ngapi, taa ya mbele ni ngapi. Ukimwambia mwenye yadi "hii ndai imechoka", umemtusi tu. Ukimwambia "taya nne ni za 2018, seti ni elfu arobaini", hiyo si matusi. Hiyo ni risiti.

Kama ni ya hapa, lipia utafutaji wa NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama chasi inakubaliana. Angalia pia rejista ya mali iliyowekwa dhamana, ile ilianzishwa na sheria ya 2017. Ukipata kuna benki ama kampuni ya mikopo imeishika, jua unanunua ndai na deni yake.

Venye inabongwa

Usivae kama umetoka harusi. Usiseme umeipenda. Usimbebe mshikaji mwenye atapiga kelele "manze hii ni yako kabisa!" Na mresh, ukienda na chali, muuzaji atamuongelesha yeye hata kama ganji ni yako. Mwache aongee na yeye mpaka achoke, halafu utoe karatasi zako. Bei inabadilika hapo hapo.

Stori inaweza enda hivi, Axio ya 2018:

"Karibu boss wangu. Hiyo ni mali safi, imeshuka juzi tu."

"Shukran mkubwa. Naona mmeandika mita moja laki tisa."

"Na hiyo ni bei ya rafiki. Utalipa keshi ama benki?"

"Tumalize ya ndai kwanza, ya kulipa haitatushinda. Karatasi ya mnada iko?"

"Iko kwa ofisi, wacha watafute. Lakini ni gredi safi."

"Nishaiona mtandaoni. Ni 3.5, bampa ya nyuma ilipakwa rangi. Na taya zote ni za 2018, mpira umekauka. Seti Kirinyaga Road ni elfu arobaini."

"Hizo ni vitu ndogo, mkubwa."

"Ni ndogo, ndio maana sijatoka. Lakini Kiambu Road kuna ingine, mwaka ule ule, gredi 4, wanasema mita moja laki nane na nusu. Mimi kwa hii niko mita moja laki saba na sitini."

"Ah, hapo unanimaliza boss! Ushuru peke yake unajua ni ngapi?"

"Najua, nimeipiga. Sitaki ukule hasara. Nataka tu tuelewane kwa faida."

Hapo nyamaza. Ni ngumu, juu Wakenya hatupendi kimya, tunajaza na "sawa basi, ongeza kidogo". Usijaze. Mwache ye ndio aseme neno la kwanza.

"Wacha niongee na mdosi."

Akirudi: "Mdosi amesema mita moja laki nane na ishirini, na taya mpya juu yetu."

Themanini imeshuka kwa bei, arobaini imekuja kama taya. Hiyo ni laki na ishirini na hakuna mtu amepiga kelele. Angalia kenye kimefanya kazi. Mnunuzi hakuuliza "bei ya mwisho" mlangoni, juu hiyo swali inamwachia muuzaji achague namba. Alileta mpinzani wa ukweli kutoka Kiambu Road, na muuzaji anaweza piga simu kuhakikisha. Na hakusema atalipaje mapema, juu kuna wauzaji wanakula komisheni ya mkopo na wakishajua ni benki, wanachezea bei penye huoni.

Kama amekataa kabisa, mwachie namba yako na bei yako, uende. Mwisho wa mwezi ama ile Januari ya kusota, simu hulia. Na kama ulikuja na broka, jua yeye pia anakula hapo kati. Bei yenye broka alikuambia na yenye mwenyewe anataka hazijawahi kuwa ndugu.

Kwa dila wa zero ni lugha ingine

Dila rasmi hashushi kama yadi. Bei yake iko kwa karatasi na mara nyingi bosi wake ako nchi ingine. Lakini ako na target za mwisho wa mwezi na mwisho wa robo mwaka, na ako na stoki yenye mwaka wake unaisha. Modeli ya mwaka jana ikikaa shorumu hadi Machi, kila mtu hapo anataka iondoke. Uliza pia demo. Imetembea elfu chache, imetunzwa, na mara nyingi waranti bado iko. Hiyo ndio karibu-mpya ya ukweli, na hawaitangazi sana juu wanataka kwanza uone zile zenye hazijaguswa.

Akisema bei haiguswi, acha bei, ingia kwa vitu vyenye anaweza toa: sevisi za miaka miwili, traka, tinti, mati, bima ya mwaka wa kwanza, tenki limejaa. Lakini uliza kila moja ni ngapi, juu mati za elfu tano si diskaunti kwa gari ya mita tatu. Na soma waranti vizuri: zingine ni miaka mitatu ama kilomita laki moja, chenye kinakuja kwanza. Ukipeleka sevisi kwa fundi wa mtaa, unaweza ipoteza.

Lipa mos mos inaweza kula diskaunti yote

Kuna msee huangusha laki kwa bei halafu anarudisha laki mbili kwa riba bila kujua. Mkopo wa mita moja, miaka mitatu, riba ya 16%. Ikiwa inahesabiwa kwa deni linalobaki, unalipa kama thao thelathini na tano kila mwezi, jumla kama mita moja na laki mbili na sitini na tano. Ikiwa ni riba bapa, ile inapigwa kwa mita nzima miaka yote mitatu, unalipa thao arobaini na moja kwa mwezi, jumla mita moja na laki nne na themanini. Asilimia ni ile ile kwa bango, lakini tofauti ni zaidi ya laki mbili. Uliza swali moja: "Jumla nitalipa ngapi mpaka niwe huru?" Iandikwe. Ongeza ada ya kushughulikia, traka yao, na bima yenye wanakulazimisha. Halafu linganisha na sacco yako, yenye mara nyingi haina kelele ya matangazo.

Siku ya kulipa

Usibebe noti kwa begi, hii si muvi. M-Pesa haitoshi pia, juu muamala mmoja mwisho ni laki mbili na nusu na siku nzima ni laki tano. Pitisha benki, kwa jina lenye liko kwa logbuku, si kwa "shemeji yangu atapokea". Andikeni mkataba, wakili aushuhudie, picha za vitambulisho ziwekwe. Uhamisho wa NTSA uanze mkiwa mmekaa pamoja, muuzaji akianzisha na wewe ukikubali kwa simu yako. Deposit ikitolewa, iandikwe kama inarudi ama hairudi. Neno "tutaongea" halijawahi kumrudishia mtu elfu hamsini.

Na ile laki umeangusha, usiisherehekee kabla ifanye kazi. Badilisha oili zote na filta, weka brekipedi, lipia bima vizuri, funga traka, iliyobaki iwe ya ile siku taa ya injini itawaka kwa Thika Road saa moja usiku. Ukiipeleka kwa rimu na muziki, basi hukupunguziwa bei. Ulibadilisha tu mtu wa kumpea pesa yako.